Altrasaundi ya tumbo na nyonga kwa siku moja: unavyojiandaa na utakayoyakuta

SWALI: Nina miaka 34. Kwa miezi kadhaa sasa nasikia maumivu chini ya mbavu za kulia, hasa nikila vyenye mafuta, na hedhi yangu imekuwa nzito. Daktari ameniandikia altrasaundi ya tumbo na ya nyonga siku moja, saa tatu asubuhi. Nimeambiwa niende bila kula, lakini kibofu kiwe kimejaa. Nina kisukari na natumia vidonge. Sijawahi kufanyiwa kipimo hiki, naogopa mionzi, na shoga yangu kaniambia huwa wanaingiza kifaa ukeni. Nitegemee nini, na majibu nitayaelewaje?

JIBU: Dada, la mionzi litoe moyoni kwanza. Altrasaundi haitumii mionzi kama eksirei, inatumia sauti. Sikio la binadamu huishia kwenye mitetemo kama 20,000 kwa sekunde. Kifaa kitakachowekwa juu ya tumbo lako, ambacho watu wa fani hukiita probu, hutoa mitetemo kati ya milioni 2 na milioni 5 kwa sekunde. Sauti hiyo husafiri mwilini kwa kasi ya takriban mita 1,540 kwa sekunde, ikagonga ini, figo au kibofu, na mwangwi wake ukarudi kwenye probu ile ile. Mashine hupima mwangwi umechukua muda gani kurudi, ikajua kilichogongwa kiko kina gani, kisha ikachora nukta kwenye skrini. Nukta hizo ni nyingi na zinachorwa haraka, kwa hiyo unachokiona ni picha inayotembea: ini linapanda na kushuka kwa pumzi zako. Sauti hiyo inaweza kupasha mwili joto kidogo, ndiyo maana mtaalamu hakai na Dopla, yaani kile kipimo cha mtiririko wa damu, juu ya mimba changa bila sababu. Kwa kipimo chako hilo si jambo la kukuhangaisha. Kama kuna uwezekano wowote kwamba una mimba, sema mapema, kwa sababu itabadilisha kinachotafutwa.

Maandalizi uliyopewa yana sababu moja: sauti haivuki hewa. Ikikutana na hewa, karibu yote hurudi pale pale, na kilicho nyuma ya hewa hakionekani. Mfupa nao huizuia kwa kiasi kikubwa. Tumboni hewa iko kwenye utumbo, na utumbo umekaa juu ya karibu kila kitu tunachotaka kukiona. Jeli inayopakwa ngozini ni kwa ajili ya kuondoa ule utando mwembamba wa hewa kati ya probu na ngozi. Kufunga kula ni kwa ajili ya kupunguza gesi. Kibofu kilichojaa husukuma utumbo kando na kuwa dirisha la maji la kuchungulia mfuko wa uzazi. Ukilielewa hilo utajua mwenyewe nini uache na nini ufanye, hata pale ambapo hukuelekezwa vizuri.

Kwako kufunga kuna sababu ya pili, na ndiyo nzito zaidi: kifuko cha nyongo. Maumivu unayoyaeleza, ya kulia chini ya mbavu baada ya mafuta, ni maumivu ambayo daktari yeyote atafikiria mawe kwenye nyongo. Kifuko hicho kimening'inia chini ya ini na huhifadhi nyongo, kama mililita 30 hadi 50. Ukikaa saa sita hadi nane bila kula kinajaa na kutanuka kama puto lenye maji, na kila kilichomo ndani kinaonekana. Ukila, kinajikamua kusaidia kusaga mafuta. Kikishajikamua, mawe madogo hujificha kwenye mikunjo, na ukuta wake unaonekana mnene. Ukuta wa kawaida haupiti milimita 3 mtu akiwa amefunga. Mtu akija amekunywa chai ya maziwa na chapati saa moja kabla, ukuta unaweza kupimwa milimita 5, na akaandikiwa kwamba huenda ana uvimbe wa nyongo, kumbe tatizo lilikuwa kifungua kinywa. Kwa hiyo kama utakula kwa kusahau, usinyamaze. Sema. Kuahirisha siku moja ni afadhali kuliko kutibiwa ugonjwa usiokuwa nao.

Kwa miadi ya saa tatu asubuhi, kula chakula cha jioni chepesi na umalize kabla ya saa tatu usiku. Ugali au wali na samaki wa kuchemsha unatosha. Maharage, kabichi, vitu vya kukaanga na soda viache siku hiyo, kwa sababu vyote vinaongeza gesi. Baada ya hapo ni maji matupu tu. Maji hayaharibu kipimo. Mara nyingine yanasaidia, kwa sababu tumbo lenye maji hufungua njia ya kuona kongosho, kiungo kilichojificha nyuma kabisa. Asubuhi usitafune bazoka wala usivute sigara: ukifanya hivyo unameza hewa bila kujua. Chai ya rangi bila sukari wengine huiruhusu. Mimi nasema iache, uondoe mashaka.

Sasa kisukari. Piga simu kliniki yako siku moja au mbili kabla uwaulize kuhusu dawa za asubuhi, kwa sababu jibu linategemea unatumia ipi. Metformini peke yake mara chache hushusha sukari kupita kiasi. Glibenklamidi na jamaa zake, na pia insulini, zinaweza kukuangusha ukizitumia huku hujala. Wengi huelekezwa wabebe vidonge vyao na kuvimeza pamoja na chakula mara tu kipimo kinapoisha, lakini uelekezwe hivyo na anayekutibu, usijiamulie. Omba uwe mtu wa kwanza kwenye foleni, na uwaambie mapokezi kwamba una kisukari. Beba chakula chako mkobani, na kitu chenye sukari cha haraka. Ukianza kutetemeka, kutoka jasho la baridi au kuchanganyikiwa, kunywa chenye sukari hapo hapo. Kipimo kitarudiwa. Dawa za shinikizo la damu kwa kawaida humezwa kama siku zote kwa funda la maji.

Maji ya kibofu yanahitaji hesabu kidogo. Kunywa glasi nne hadi tano, yaani kama lita moja, kuanzia saa moja na nusu, na uwe umemaliza saa mbili. Kisha usiende chooni mpaka upimwe. Kosa la kwanza ni kunywa dakika kumi kabla ya kuingia: maji yako tumboni, hayajafika kwenye kibofu, na mtaalamu atakurudisha benchi. Kosa la pili ni kunywa kupita kiasi. Lita tatu kwa mkupuo ni hatari kwa mwili wenyewe, na hata kwa kipimo hazina faida. Kibofu kilichojaa mno husukuma mfuko wa uzazi nyuma mbali na probu, na mkojo ukirudi nyuma unaweza kuzifanya figo zionekane zimetanuka kana kwamba njia imeziba. Mtaalamu makini akiona hivyo atakwambia ukojoe, kisha atazitazama tena kabla hajaandika kitu. Ukibanwa hadi jasho linakutoka, omba kwenda kupunguza: jaza kikombe kimoja, kisha jizuie. Inawezekana, na hakuna atakayekushangaa. Mwenye ugonjwa wa moyo au wa figo aliyewekewa kikomo cha maji asinywe lita hiyo. Yeye atosheke na kutokwenda chooni tangu alfajiri.

Kwa wanaofunga Ramadhani, altrasaundi ya tumbo huenda sambamba na saumu bila taabu. Ile ya nyonga inayohitaji maji omba miadi ya jioni baada ya futari, maana hiyo haihitaji tumbo tupu.

Kama umeandikiwa vipimo vingine wiki hiyo, panga altrasaundi itangulie. Kipimo cha kuingiza kamera tumboni hupuliza hewa ndani, na ile dawa nyeupe ya bariamu inayonywewa kabla ya eksirei ya tumbo huizuia sauti. Vyote viwili vikitangulia, picha ya altrasaundi huharibika.

Kuhusu siku ya hedhi: altrasaundi inaweza kufanyika hata ukiwa kwenye siku zako. Lakini kwa mwenye hedhi nzito, picha nzuri zaidi ya ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi hupatikana kati ya siku ya 5 na ya 10, ukihesabu kutoka siku ya kwanza ya kutoka damu. Wakati huo ukuta ni mwembamba, na kitu chochote kilichoota ndani yake kinajitokeza. Ukiweza kuchagua, chagua siku hizo. Ukishindwa, nenda tu, ila mtajie mtaalamu tarehe ya siku ya kwanza ya hedhi yako ya mwisho, kwa sababu unene ule ule unaweza kuwa wa kawaida siku ya 22 na usiwe wa kawaida siku ya 6.

Vaa blauzi na sketi au suruali, si gauni la kipande kimoja, ili usilazimike kujivua lote. Beba khanga ya kujifunika na kitambaa cha kufutia jeli. Beba fomu ya daktari, na hapa naomba unisikilize: soma kilichoandikwa kwenye fomu hiyo. Fomu ikisema "altrasaundi ya tumbo" basi, mtaalamu atapita kila kiungo kwa mpango wa kawaida. Ikisema "maumivu ya kulia chini ya mbavu baada ya mafuta, miezi mitatu, je kuna mawe ya nyongo? Hedhi nzito, je kuna fibroidi?" atakaa pale palipo na swali. Fibroidi ni uvimbe wa nyama unaoota kwenye mfuko wa uzazi. Kipimo hiki si kama kupiga picha ya pasipoti. Anayekifanya anatafuta kwa mkono na jicho, papo hapo, na anayejua anatafuta nini huona zaidi. Kama fomu ni kavu, mweleze wewe mwenyewe kwa sentensi mbili. Beba pia ripoti za zamani kama zipo, na utaje upasuaji wowote uliowahi kufanyiwa.

Taja na ulikokulia. Mtu aliyekulia kando ya Ziwa Victoria anaweza kuwa alipata kichocho cha utumbo utotoni, nacho huacha makovu kwenye mishipa ya ini na kunenepesha ukuta wa kifuko cha nyongo hata kama hakuna jiwe. Wa pwani, Unguja na Pemba hukutana zaidi na kichocho cha mkojo, ambacho hunenepesha ukuta wa kibofu, na unene huo huonekana tu kibofu kikiwa kimejaa. Upo hata mwongozo wa kimataifa wa kutazama kichocho kwa altrasaundi, uliotokana na mkutano wa wataalamu huko Niamey, Niger, mwaka 1996. Mtaalamu wa mji mkubwa asiyejua ulikotoka anaweza asiliwaze hilo.

Sasa chumbani. Mwanga huwa umepunguzwa ili skrini ionekane vizuri, usitishike. Utalala chali kitandani, blauzi ikipandishwa hadi chini ya matiti na sketi ikishushwa hadi kwenye mfupa wa kinena. Jeli itamiminwa, na huwa ya baridi. Ni maji kwa sehemu kubwa, haichomi, na ikitia doa nguo hutoka kwa maji. Wakianza vizuri, wataanza na tumbo kwa sababu njaa haingoji, kisha nyonga kibofu kikiwa bado kimejaa. Vyote viwili huchukua kama nusu saa, pengine dakika 40 kama kuna cha kukitazama kwa makini. Muda mrefu si dalili ya habari mbaya. Mara nyingi ni gesi inayopisha polepole.

Utaambiwa "vuta pumzi, zuia" mara nyingi mno. Ukivuta pumzi, mapafu hulisukuma ini chini, likatoka kwenye kivuli cha mbavu. Vuta kwa kutanua tumbo, si kwa kupandisha mabega, na uachie ukiambiwa au ukichoka. Probu itabanwa katikati ya mbavu, na hapo unaweza kusikia mkandamizo. Ikipita juu ya kifuko cha nyongo, mtaalamu anaweza kukandamiza makusudi na kuuliza panauma kiasi gani. Usijikaze kiume hapo. Kama ndiyo pale pale panapokuuma, sema "ndipo", kwa sababu maumivu yanayoangukia juu ya kifuko chenyewe ni sehemu ya majibu. Na kama ulimeza dawa ya maumivu asubuhi hiyo, mwambie, maana inaweza kuificha dalili.

Kisha atakugeuza ulale kwa ubavu wa kushoto. Kama skrini iko upande wako, angalia. Kifuko cha nyongo huonekana kama pea nyeusi, kwa sababu maji hayarudishi mwangwi. Jiwe ndani yake huonekana kama mwezi mwandamo mweupe unaong'aa, na nyuma yake kuna ukanda mweusi ulionyooka, kivuli, kwa sababu sauti imegota kwenye jiwe ikashindwa kupita. Ukigeuka ubavu, jiwe hubingirika. Kinyama kilichoota kwenye ukuta hakibingiriki, na mara nyingi hakina kivuli. Tope la nyongo hutiririka polepole bila kivuli. Mambo hayo matatu yana tiba tofauti, na yanatofautishwa kwa kule kugeuzwa. Kama hukugeuzwa na jibu likaja "kitu kinachong'aa ndani ya nyongo", una haki ya kuuliza kama kilisogea.

Baada ya hapo hupimwa mirija ya nyongo, ambapo ule mkubwa kwa kawaida hauzidi milimita 6 hivi kwa mtu wa umri wako. Ini hulinganishwa na figo ya kulia iliyo jirani yake: likiwa jeupe kuliko figo huashiria mafuta kwenye ini, jambo linaloonekana sana kwa wenye kisukari, kwa hiyo usishangae ukilikuta. Figo za mtu mzima huwa na urefu wa sentimita 9 hadi 12. Bandama hutazamwa kutoka ubavu wa kushoto. Kongosho huonekana gesi ikiruhusu, na kuandikiwa "kongosho halikuonekana vizuri kwa sababu ya gesi" ni ukweli wa kitaalamu, si uzembe.

Nyongani probu hushuka chini ya kitovu na kukandamiza juu ya kibofu kilichojaa. Hapa ndipo pa kuvumilia. Mfuko wa uzazi hupimwa urefu, upana na kina, kisha ovari mbili, yaani viungo vinavyotoa mayai. Ukishapimwa hivyo, utaruhusiwa kwenda chooni, na wengi husema hiyo ndiyo dakika tamu ya kipimo chote.

Shoga yako hakukosea kabisa. Baada ya kibofu kuwa kitupu, mtaalamu anaweza kupendekeza altrasaundi kupitia ukeni. Kinachotumika ni probu nyembamba ndefu, unene wake kama wa kidole gumba au kuzidi kidogo, iliyosafishwa kwa dawa ya kuua vijidudu, ikavishwa kondomu mpya na kupakwa jeli. Haiingii ndani ya mfuko wa uzazi, inaishia ukeni. Kwa sababu iko karibu, hutumia sauti ya mitetemo mingi zaidi, takriban milioni 5 hadi 9 kwa sekunde, ambayo haifiki mbali lakini huchora vitu kwa undani sana. Kwa hedhi nzito mimi naipendelea: fibroidi ya sentimita moja na nusu iliyojificha kwenye chumba cha mfuko wa uzazi inaweza kukosekana kwa juu ya tumbo, hasa kwa mwenye mwili mnene, ikaonekana waziwazi kwa njia hii. Inachukua dakika 10 hadi 15. Utasikia mkandamizo, usisikie maumivu makali. Ukiyasikia, sema asimame.

Lakini ni lazima uulizwe na ukubali. Unaweza kumwomba mtaalamu wa kike, au kuwe na muuguzi wa kike chumbani, au ndugu yako akae nawe. Unaweza kuomba uingize probu kwa mkono wako mwenyewe, na wengi huona hivyo ni rahisi zaidi. Kama hujawahi kujamiiana, sema, na haitafanyika. Watatazama kwa juu ya tumbo. Kama ngozi yako huwashwa na vitu vya mpira, taja kabla kondomu haijavishwa. Na ukikataa, kipimo cha juu ya tumbo kinaandikiwa majibu yake kama kawaida. Hakuna anayeruhusiwa kukuanzia bila kukueleza.

Kuna mambo altrasaundi haiwezi, nayo huwachanganya watu wengi. Haioni vidonda vya tumbo. Haisemi kama mirija ya uzazi imefunguka, kwa sababu mirija mizima haionekani. Hiyo huhitaji kipimo cha kupitisha dawa. Mawe madogo katikati ya njia ya mkojo inaweza kuyakosa. Kwa hiyo ukiambiwa "hakuna kitu" na maumivu yako yanaendelea, maana yake ni kwamba viungo vilivyoonekana havina tatizo la umbo. Rudi kwa daktari, hajamaliza kazi yake.

Majibu mara nyingi hutoka siku hiyo hiyo, baada ya saa moja au mbili. Mahali pengine hungoja hadi daktari bingwa wa radiolojia azipitie picha. Anayekupima anaweza kukataa kukuambia lolote pale kitandani, na hilo hutegemea utaratibu wa mahali. Ripoti huwa na sehemu mbili: maelezo ya kila kiungo, kisha hitimisho mwishoni. Anza na hitimisho. Ukikuta "mawe kwenye nyongo" pamoja na maumivu kama yako, unatakiwa umwone daktari wa upasuaji. Wenye mawe wasiosikia kitu kwa kawaida huachwa bila kuguswa, lakini wewe unasikia.

Kwenye fibroidi, watu hukimbilia kuuliza ukubwa. Uliza kwanza mahali. Fibroidi ya sentimita 2 inayochungulia ndani ya chumba cha mfuko wa uzazi inaweza kukutoa damu hadi upungukiwe, wakati ya sentimita 7 iliyoning'inia upande wa nje isikuongezee hata tone moja, ikakubana kibofu tu. Shirikisho la kimataifa la madaktari wa wanawake na uzazi, FIGO, limezipa nafasi hizo namba kuanzia 0 hadi 8. Zenye kuingia chumbani ni 0, 1 na 2. Ripoti nzuri hutaja namba au angalau hueleza fibroidi imekaa wapi na imeachana na ukuta wa ndani kwa kiasi gani. Ikisema tu "fibroidi nyingi", daktari wako hana pa kushika, na ni sawa kuomba ripoti iongezewe. Vilevile, ukirudia baada ya miezi sita na ile ya sentimita 4.2 ikasomeka 4.5, usikimbilie kusema imekua. Milimita chache ni tofauti ya mkono wa mpimaji na pembe ya probu.

Uvimbe wa maji kwenye ovari nao hutisha bure. Kila mwezi yai hukomaa ndani ya kifuko cha maji kinachoweza kufika sentimita 2 na nusu au 3, na hicho si ugonjwa. Kwa mwanamke ambaye bado anapata hedhi, uvimbe wa maji matupu, wenye ukuta mwembamba, usiozidi sentimita 5, mara nyingi huondoka wenyewe ndani ya mzunguko mmoja hadi mitatu. Wenye vinyama ndani, kuta nene au damu ndio wa kufuatiliwa.

Usisubiri miadi ukipata homa pamoja na maumivu hayo ya kulia, macho yakigeuka manjano, ukilowesha pedi nzima kila saa, au ukizimia. Hapo nenda hospitali moja kwa moja hata kama umetoka kula. Vivyo hivyo ukichelewa hedhi kisha ukapata maumivu makali ya chini ya kitovu: mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi haingoji saa sita za kufunga.

Siku yenyewe, ukishafutwa jeli, kula kwanza na umeze dawa zako kama ulivyoelekezwa, ndipo ukae kungoja ripoti. Ukikabidhiwa dirishani, isome hapo hapo kabla hujaondoka: jina lako, umri, tarehe, na maneno "kulia" na "kushoto" yakilingana na unakoumwa. Kosa la upande ni rahisi kulirekebisha mtaalamu akiwa bado na picha zako kwenye mashine. Omba na nakala ya picha zenyewe, kwenye karatasi au kwenye simu. Daktari wa upasuaji atataka kuliona lile jiwe na kivuli chake, si kusoma tu kwamba lipo.